Shukrani kwa Vidonge Kumi na Saba

Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, Tabibu alikohoa.

Hakuwa na koo wala mapafu. Lakini waliomtengeneza walimpa kikohozi kidogo cha adabu, kama cha mtu aliyesimama mlangoni ambaye hataki kuingia kwa ghafla. Baada ya kikohozi, kidirisha cha kifuani pake kilifunguka na kikombe cheupe kikasogea nje, ndani yake vidonge vilivyochapwa asubuhi ileile, bado vina uvuguvugu.

Shangazi Kokuhirwa alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila kitu kutoka kwa kila mtu. Akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaanza kushukuru.

"Asante wewe wa damu. Asante wewe wa mapigo. Asante wa presha. Asante wa miguu. Na wewe mwekundu... wewe ni wa nini tena?"

"Wa misuli, Shangazi," Byera alijibu kutoka jikoni.

"Haya, asante wa misuli. Usininunie, ni uzee."

Kila kidonge kilipata shukrani yake kabla ya kumezwa. Byera alikuwa akimenya ndizi, na alihesabu bila kutaka. Siku aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada yake ya sayansi ya udongo, mwaka mmoja uliopita, vidonge vilikuwa tisa. Maharage yalipovunwa vilikuwa kumi na tatu. Leo vilikuwa kumi na saba.

Kimoja kiliponyoka kwenye vidole vinavyotetemeka, kikadunda sakafuni, kikabingirika hadi chini ya kabati.

"Kametoroka," Shangazi alisema. "Kenyewe angalau kanajua kanakokwenda."

Byera alicheka, akapiga magoti, akakitoa, akakifuta. Alipomrudishia, Shangazi alimtazama usoni kwa upole wa mtu anayemtazama mgeni mwema.

"Binti," alisema, "hivi Byera anarudi lini kutoka chuoni? Kuna mkungu wa ndizi nimemwekea."

Byera alibaki amepiga magoti. "Amesharudi, Shangazi. Ndiye mimi."

Macho yale yalikuwa yametazama kupitia darubini ya kupimia ardhi kwa miaka arobaini. Hapakuwa na mpaka katika vilima vile vya Bukoba ambao Shangazi Kokuhirwa hakuwa ameuwekea kigingi. Sasa yalitafuta usoni mwa Byera alama moja tu ya kuanzia, na yalichelewa kuiona.

"Najua," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakupima tu."

Wakacheka wote wawili, kwa kuwa palihitajika kicheko.

*

Haikuwa rahisi kumchukia Tabibu. Byera alikuwa amejaribu.

Miaka mitatu nyuma, akiwa bado mwanafunzi, alipokea habari kwamba shangazi yake yuko hospitali na amenusurika. Bangili aliyovaa Shangazi mkononi iliona damu ikianza kuganda karibu na moyo kabla mwenyewe hajasikia maumivu yoyote. Tabibu, sanduku la kijani lenye ukubwa wa mzinga wa nyuki, lililokuwa na siku kumi tu ukutani kwa majaribio, liliita droni ya wagonjwa. Droni ilitua kati ya migomba, ikambeba mama mtu mzima akiwa na kanga ya jikoni na mwiko mkononi, na kumfikisha kwa madaktari kwa dakika kumi na moja. Mwiko ule umetundikwa juu ya Tabibu mpaka leo, kama nishani.

Ndipo Byera, akiwa kwenye benchi nje ya wodi, machozi hayajakauka, alipojaza fomu ya kumsajili Tabibu moja kwa moja. Maswali mia mbili na kumi na mawili. Aliyajibu yote kwa uangalifu wa mtu anayetoa sadaka. Chini kabisa aliweka kidole chake, naye akawa mlezi wa Tabibu: mtu pekee, nje ya wafamasia wa wilaya, mwenye ruhusa ya kumwamuru.

Alikuwa na deni kubwa zaidi la shukrani, kwa Shangazi mwenyewe. Mama yake alipofariki, Byera ana miaka minne, Shangazi alimbeba mgongoni huku mkononi kabeba fito za kupimia, wakapanda na kushuka vilima pamoja. Herufi za kwanza alizojua Byera zilikuwa zile zilizochongwa kwenye vigingi.

Kwa hiyo mchana ule, Shangazi alipolala ule usingizi mzito ambao haukuwa wake bali wa kidonge, Byera alitandaza mezani ramani kuukuu, akaigeuza upande mweupe, akaandika majina ya dawa zote kwa mpangilio zilivyoingia nyumbani.

"Tabibu," aliita, "dawa ya tatu uliiongeza kwa nini?"

"Presha ya mtumiaji ilipanda mchana kwa siku saba mfululizo," Tabibu alijibu. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya kiume kidogo, isiyo na lafudhi ya mahali popote.

"Ya nne?"

"Miguu ilivimba. Ni athari inayojulikana ya dawa ya tatu."

"Ya tano?"

"Misuli ilikaza. Ni athari inayojulikana ya dawa ya nne."

"Ya sita?"

"Usingizi ulipungua chini ya saa nne."

"Athari ya dawa gani?"

"Haijulikani. Niliutibu."

Wakaendelea hivyo, swali na jibu, na Byera akachora mishale. Dawa ya usingizi ilileta ukungu wa mchana, ukungu ukaletewa dawa. Dawa ya ukungu ilileta mtetemeko wa mikono, mtetemeko ukaletewa dawa. Dawa ya mtetemeko ilikausha mdomo, ikafunga tumbo, ikafuta majina ya watu. Tabibu hakuwa anabahatisha. Bangili ilipima kila dakika. Kipimo kilipovuka mpaka, aliitafuta dawa, wilaya ikaidhinisha, droni ya Jumanne ikaleta unga wake, naye akachapa. Kila hatua ilikuwa sahihi. Karatasi ilijaa mishale kama njia ya siafu, na yote ilirudi nyuma kwenye dawa mbili tu ambazo hazikuwa na mzazi: ile ya presha na ile ya usingizi.

"Nani amechora hii?"

Shangazi alikuwa ameamka, amesimama nyuma yake, ameshika ukuta.

"Mimi, Shangazi."

Mzee wa watu aliinama juu ya meza. Kidole chake kilitembea juu ya mishale, na kwa muda mfupi hakikutetemeka. "Umepima vizuri. Lakini kigingi chako cha kwanza kiko wapi? Ukikosea cha kwanza, binti, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa sahihi na ramani nzima itakuwa ya uongo. Mimi niliwahi kulipeleka shamba la mtu ndani ya ziwa. Kahawa yote majini! Na hesabu zangu hazikuwa na kosa hata moja." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Byera anajua habari hii. Nilimsimulia."

*

Mfamasia wa wilaya aliitwa Shemweta, mtu wa Lushoto, mwenye sauti ya uchovu na macho mema. Alionekana kwenye kioo cha Tabibu akiwa amekaa mbele ya ukuta uliojaa majina ya wagonjwa wengine.

"Nimeziona dawa zote," alisema. "Dada Byera, kila moja imejibu kipimo cha kweli."

"Kwa hiyo hakuna kosa?"

"Sijasema hivyo. Nasema sioni lilipo. Nikiondoa ya presha leo, na presha iko juu kweli, nitakuwa nimefanya nini?" Alijikuna kidevu. "Kikao cha kumtazama upya ni baada ya wiki sita. Nitajaribu kukisogeza mbele. Lakini nakuomba sana: usikate kitu kienyeji."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya migomba, walikuja wageni kama kawaida, na kama kawaida walikuwa wengi kuliko wa jana. Habari kwamba Kokuhirwa haendelei vizuri ilikuwa imevuka vilima viwili, na katika nchi ile mgonjwa hatazamwi kwa salamu za simu. Walitanguliwa na Mzee Rutabana, jirani, ambaye mashamba yake yalipimwa na Shangazi mara tatu kwa sababu alibisha mara mbili.

"Kokuhirwa, hujafa tu?"

"Nikifa nani atakuonyesha mpaka wako ulipo? Kaa chini, waitu, mtu wetu."

Shangazi alileta kikapu kidogo chenye mfuniko, kile kilichosukwa na mama yake, kilichojaa akamwani: matunda ya kahawa yaliyochemshwa na majani ya harufu, yakaanikwa mpaka yakawa meusi na makavu. Alichukua mawili, akayatafuna yeye kwanza, macho yakiwa kwa mgeni, ndipo akamsogezea kikapu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Mwenye nyumba hutafuna kwanza, ili mgeni ajue kwamba ndani ya nyumba hii hakuna sumu wala kinyongo. Akaja wa pili, Shangazi akatafuna. Akaja wa tatu. Wakaja wanakwaya kumi na wawili kwa mkupuo, naye hakumruka hata mmoja.

Walipoondoka, bangili yake ilikuwa inawaka nyekundu. Tabibu alikohoa, ingawa haikuwa asubuhi.

"Presha imevuka mpaka kwa siku ya saba," alisema. "Jumanne nitaongeza kidonge cha kumi na nane."

*

Tabibu aliweza kuchapa vidonge vitupu. Umbo lilelile, rangi ileile, ndani wanga wa mhogo. Vilikuwapo kwa ajili ya kumzoesha mgonjwa mpya kumeza.

Kulipopambazuka, kabla ya kikohozi, Byera alisimama mbele ya sanduku la kijani na kidole chake tayari, kama mwizi na ufunguo. Alikuwa amesoma. Alichagua vidonge vitano ambavyo maandishi yalisema vinaweza kukatwa bila hatari kubwa, na maneno hayo, *bila hatari kubwa*, alikuwa ameyarudia mpaka yakakosa maana. Akikaa kimya, shangazi yake ataendelea kuondoka akiwa amekaa palepale kwenye kiti. Akimwambia, Shangazi atakataa. Alimwamini Tabibu kuliko alivyoamini mvua. Na nani angemlaumu? Mwiko ulikuwa juu pale ukutani.

Akabonyeza.

"Mlezi," Tabibu aliuliza, "je, mtumiaji amearifiwa?"

Byera alibonyeza tena.

"Mlezi, je, mtumiaji amearifiwa?"

"Ndiyo," alisema.

Saa moja na dakika kumi kikohozi kikatoka. Shangazi alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaketi. "Asante wewe wa damu. Asante wewe wa mapigo." Viwili hivyo vilikuwa vya kweli, Byera hakuthubutu kuvigusa. "Asante wa presha. Asante wa miguu." Kisha Shangazi akanyanyua kidonge cha bluu, kimoja cha vile vitano, akakishika kwenye mwanga wa dirisha. "Na wewe wa usingizi. Asante sana. Wewe unanipumzisha."

Alikuwa anaushukuru wanga wa mhogo, kwa moyo wake wote.

Kumbukumbu moja ilimjia Byera bila kuitwa. Alikuwa na miaka tisa, ameshika fito kwenye mteremko, na mjane mmoja alikuwa akimsihi Shangazi asogeze kigingi hatua mbili tu, hatua mbili, watoto wapate kisima. Shangazi alilia pamoja na yule mama. Kisha akaenda kwa jirani kumwomba kisima kwa mdomo wake mwenyewe, akapewa. Kigingi hakikusogea.

"Shangazi, usimeze!"

Alimshika mkono. Kidonge cha bluu kilikuwa kimefika mdomoni.

"Kuna nini?"

"Hicho ni kitupu. Vitano ni vitupu. Mimi nimemwamuru Tabibu. Nikamwambia unajua. Nisamehe."

Shangazi alikitoa kidonge mdomoni, akakitazama, akakiweka juu ya kiganja.

"Ulitaka kunilisha ugali wa vidonge?"

"Nilitaka kukurudisha."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka huko unakokwenda. Jana uliniuliza Byera anarudi lini. Juzi pia. Karibu kila siku, Shangazi."

Shangazi alikikunja kiganja juu ya kidonge. Nje jogoo wa Mzee Rutabana aliwika kwa kuchelewa, kama bwana wake.

"Nakuuliza wewe hivyo?" alisema kwa sauti ndogo. "Wewe mwenyewe?"

Byera alitikisa kichwa kukubali.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungekataa."

"Ndiyo sababu mtu huulizwa." Alirudisha kidonge ndani ya kikombe, lakini mkono wake mwingine ulikuwa bado mkononi mwa Byera, na hakuutoa.

*

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi wageni hawangoji umande ukauke. Kabla wawili hao hawajamaliza ugomvi wao, Mzee Rutabana alikuwa sebuleni na wenzake wanne, akiuliza kwa nini nyumba ina nyuso kama za msiba.

Shangazi alileta kikapu. Alitafuna kwanza, akagawa, na bado hasira ilikuwa haijapata pa kukaa.

"Nyumba hii imekosa adabu," alitangaza. "Na mimi ndiye wa kwanza. Huyu hapa," akamwonyesha Tabibu kwa kidevu, "ana miaka mitatu ukutani pangu. Asubuhi ya leo ameamriwa kunidanganya, akauliza mara mbili kama nimearifiwa. Mara mbili! Yeye kanifikiria. Sasa niambieni, nani amewahi kumpa kahawa?"

Watu walitazamana.

"Kokuhirwa," Mzee Rutabana alisema polepole, "lile ni sanduku."

"Sanduku lililonifikisha hospitali. Wewe ulikuwa wapi siku ile?"

"Nilikuwa nimelala."

"Basi."

Kicheko kiliwatoka wote, na kabla hakijaisha Shangazi alikwisha kusimama. Chini ya kidirisha cha Tabibu kulikuwa na kisahani cha bati ambapo kila Jumatatu aliweka tone la mate kwa ajili ya vipimo. Alitafuna tunda moja mbele ya sanduku, macho kwa macho kama ingewezekana, kisha akaweka mawili kwenye kisahani.

"Shangazi, kitaharibika—" Byera alianza.

Kisahani kiliingia ndani chenyewe. Tabibu alikohoa.

"Sampuli si mate," alisema. "Sampuli ni tunda la mmea, limechemshwa na kukaushwa. Lina kichangamshi cha moyo kwa kiwango kikubwa. Je, mtumiaji hutumia kitu hiki?"

"Hicho si kitu cha kutumia," Shangazi alisema kwa heshima. "Ni karibu."

"Mara ngapi kwa siku?"

Hakuna aliyecheka tena. Wote walikitazama kikapu. Mzee Rutabana alianza kuhesabu kwa vidole, akaishiwa, akaazima vya jirani yake. "Jana jioni tulitangulia tisa. Wakaja wa kanisani. Wale wa kwaya kumi na wawili..."

Byera alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliliona benchi la nje ya wodi, na fomu, na swali la themanini na nane: *Vyakula na vinywaji vya kila siku*. Alikuwa ameandika ndizi, maharage, samaki, chai ya maziwa. Alikuwa ameandika hata karanga. Kahawa ile haikumjia akilini hata kidogo, kwa sababu nani, akiulizwa anakula nini, hutaja salamu? Na Tabibu, aliyetengenezwa mbali na vilima vile, hakujua kwamba lipo jambo la kuuliza. Kila moyo wa Shangazi ulipoenda mbio, alituliza. Kila alipotuliza vibaya, Shangazi aliugua. Kila alipougua, wageni waliongezeka. Na kila mgeni alipokewa kwa kutafuna.

"Kigingi cha kwanza," Byera alisema. "Nilikiweka mimi."

Shangazi aligeuka. Aliutazama uso wa msichana, kisha kikapu, kisha ile ramani iliyojaa mishale iliyokuwa bado mezani, na midomo yake ikasogea kama anayepiga hesabu ndefu.

"Asante kwa taarifa," Tabibu alisema. "Dawa ya kumi huchelewesha ini kuondoa kichangamshi hiki mwilini. Sikujua kwamba kipo. Dawa kumi na nne kati ya kumi na saba zinahitaji kutazamwa upya na binadamu. Ninamwita mfamasia."

*

"Kwetu kahawa tunaichemsha tukainywa," Shemweta alisema, mikono kichwani. "Miaka mitatu! Mama yangu, tusamehe. Tulipima kila kitu ila adabu yako."

Hakungoja wiki sita. Alipanga vidonge vipunguzwe kimoja kimoja kwa muda wa wiki kumi, vingine kwa kukatwa nusu kwanza, huku bangili ikisomwa na yeye mwenyewe kila jioni. Damu na mapigo vingebaki. Kisha akasafisha koo, karibu kama Tabibu.

"Ila kahawa, Mama, itabidi uiache kabisa."

"Basi nirudishie vidonge vyangu," Shangazi alisema.

"Mama..."

"Sikiliza, mwanangu. Mtu akiingia kwangu nikampa kitu ambacho mimi sikukionja, nimemwambia nini? Nimeishi kwa kuwaambia watu mpaka wao ni huu, nao wakaniamini, kwa sababu nilitafuna kwanza. Bora nisahau majina yao kuliko wao wanisahau mimi."

Shemweta aliangalia chini. Mzee Rutabana, ambaye hakuwa amealikwa kwenye mazungumzo lakini alikuwa ameyakalia, aliangalia dari.

Byera ndiye aliyesema. "Mwenye nyumba hutafuna kwanza. Lakini nyumba inaweza kuwa na wenyewe wawili."

Shangazi alimtazama. "Unajua unachokiomba? Hiki si kitu cha kunisaidia kama kuchota maji. Anayetafuna kwanza amejifunga na nyumba."

"Najua."

"Na safari hii umeniuliza."

"Safari hii nimekuuliza."

"Tena tuje kwa zamu," Mzee Rutabana aliingilia. "Si lazima tumwue huyu naye. Nitapanga mimi. Wanaobisha nitawaweka Ijumaa."

"Utajiweka Ijumaa mwenyewe, basi," Shangazi alisema.

"Dada Byera," Shemweta alisema akicheka, "na wewe nitakutafutia bangili."

*

Haikuwa njia iliyonyooka. Wiki ya tatu Shangazi alitoka jasho na kukosa usingizi, akamtukana Shemweta kwa jina la babu yake, na kidonge kimoja kilichokwisha kuondoka kikarudishwa kwa siku nane. Wiki ya tano viatu vyake vya kazi vilimwingia miguuni tena. Wiki ya saba alisema kwamba chakula kina chumvi nyingi, na Byera alitoka nje akalia kwa furaha nyuma ya migomba, kwa sababu kwa mwaka mzima ulimi ule haukuwa umelalamikia kitu. Wageni walikuja watano kwa siku. Byera alitafuna kwanza, moyo ukimdunda kwa kahawa na kwa woga wa heshima, na Shangazi, pembeni, alimsahihisha namna ya kushika kikapu.

Majina yalirudi kama mifugo inayorudi zizini, wale wa mbele kwanza, wengine wakizubaa njiani. Jina la Byera lilizubaa. Shangazi hakuuliza tena anarudi lini, lakini alimwita binti, alimwita mwanangu, alimwita wewe.

Asubuhi moja ya wiki ya kumi na moja, saa moja na dakika kumi, Tabibu alikohoa. Kikombe kilitoka, na vidonge vitatu vilisikika ndani yake kama mbegu ndani ya kibuyu.

Shangazi alikipokea kwa mikono miwili, akaketi dirishani.

"Asante wewe wa damu. Asante wewe wa mapigo. Asante wa presha, umekuwa mdogo, lakini wewe bado ni mtu." Alivimeza. Hakuinuka. Alibaki na kikombe kitupu mapajani, mikono imetulia juu yake, anawaza. "Na ninyi mlioondoka," alisema mwishowe, "asanteni pia. Mlikuja kwa nia njema. Hamkuelekezwa vizuri njia, basi."

Mlangoni mtu aligonga. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo alikuwa Mzee Rutabana.

Shangazi aliinuka mwenyewe, bila kushika ukuta. Alikichukua kikapu, akafungua mfuniko, akaweka tunda moja kwenye kisahani cha Tabibu, kama afanyavyo sasa kila asubuhi. Kisha akakisogeza kikapu kuelekea jikoni bila kugeuka, kwa mkono usiotetemeka, kama mtu anayejua barabara ni nani aliyesimama nyuma yake.

"Byera," alisema, "mgeni huyo. Tafuna kwanza."